Koki Iliyoganda: Kubadilisha Koki ya Mashine ya Kufulia katika Nyumba za Zamani

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata, chini ya ajenda ya huduma za maji. Yanachapishwa kwa maombi ya waliohudhuria na kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kufika.



Nimesimama mbele yenu kuzungumzia koki. Najua wapo watakaojiuliza kwa nini Afisa Habari, ambaye kazi yake ni kuandika na kupiga picha, azungumzie kazi ya mafundi bomba. Sababu ya kwanza ni kwamba malalamiko ya maji hupita mezani kwangu kabla hayajafika kwa wahusika, na katika miezi ya karibuni nimeona jambo moja likijirudia kutoka katika nyumba za zamani za kata hii: mkazi amenunua au ameletewa na wanawe mashine ya kufulia, ameiunganisha kwenye koki iliyokuwa ukutani tangu nyumba ijengwe, kisha siku ya kuifunga koki ile ikagoma. Sababu ya pili nitaieleza mwenyewe kabla wenzangu wa ofisini hawajaieleza kwa niaba yangu. Mimi nimewahi kuvunja koki ya namna hiyo, tena nyumbani kwa mama yangu mdogo.

Mama yangu mdogo anaishi katika moja ya zile kota za zamani zenye kuta nene na mabomba ya chuma yaliyopita ndani ya plasta. Mashine yake ilianza kuvuja kwenye mpira wa kuingizia maji. Nilipofika kumsalimia Jumapili moja nikaona nimsaidie. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo koki baba yako mdogo hakuigusa tangu apate uhamisho wa kuja hapa. Muite fundi." Nikamjibu kwamba ni kazi ya dakika tano. Nikachukua spana moja, nikaikaza mikono, nikazungusha. Koki haikuzunguka. Kilichozunguka ni bomba lenyewe ndani ya ukuta, likakatika kwenye kiungo palipokuwa pameliwa na kutu, na maji yakaanza kutoka katikati ya plasta kwa nguvu. Nikakimbilia koki kuu iliyo karibu na mita. Nayo ilikuwa imeganda.

Maji yalitoka kwa muda wa saa mbili hivi, hadi mafundi wa mamlaka walipofika na kufunga upande wao. Tuliposoma mita, zilikuwa zimepita uniti mbili. Uniti moja ni lita 1,000. Kwa hiyo tulimwaga ndoo mia moja za lita ishirini, katika mji ambao wapo akina mama wanaoamka alfajiri kutafuta ndoo mbili. Lakini bili haikuwa jambo la kutisha zaidi siku ile. Waya wa kurefushia umeme, uliokuwa ukiilisha mashine, ulikuwa umelala sakafuni, na mdogo wangu alikuwa akikanyaga maji yale peku akikusanya mazulia. Mama mdogo ndiye aliyepiga kelele kwamba swichi kuu izimwe. Mimi niliyejiita msomi sikulikumbuka.

Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi wa idara na mafundi wa mtaani, nikauliza, nikashika spana chini ya uangalizi wao, na haya nitakayoyasema ni yale waliyonifundisha.

Jambo la kwanza ni kujua ni koki ipi iliyoharibika, kwa maana ziko mbili. Iko koki ya ukutani, inayofungwa kwa mkono. Na iko valvu ndogo ndani ya mashine yenyewe, pale nyuma mpira unapoingia, ambayo hufunguka kwa umeme mashine inapohitaji maji. Watu wengi wamenunua koki mpya ya ukutani wakati ugonjwa uko ndani ya mashine. Kipimo chake ni rahisi. Chomoa mashine kwenye umeme kabisa, ukiacha koki ya ukutani wazi. Ikiwa maji yanaendelea kuingia kwenye pipa la mashine ilhali haina umeme, basi valvu ya ndani imekwama ikiwa wazi. Funga koki ya ukutani, na umpelekee shauri hilo fundi wa mashine. Ikiwa maji yamesimama lakini koki ya ukutani haizunguki, au inazunguka bila kukata maji, basi ugonjwa ni wa ukutani, na huo ndio ninaouzungumzia leo.

Kwa nini koki huganda? Mafundi walinionyesha koki tatu zilizokatwa katikati, na nilipoziona nikaelewa kwa nini nguvu zangu hazikufaa kitu. Maji yetu ya visima yana chokaa, ile inayoacha utando mweupe ndani ya birika la chai. Utando huohuo hujenga ukuta ndani ya koki isiyotumika. Juu yake hushikamana kutu inayotoka kwenye mabomba ya chuma, ambayo yalipakwa zinki yalipotengenezwa, lakini zinki ile huliwa mwaka hadi mwaka mpaka chuma kikabaki uchi. Katika koki za aina ya zamani, zile unazozungusha mara nyingi hadi zifunge, kuna ulimi wa chuma unaoshuka kuziba njia ya maji. Mchanga na kutu hujaa kwenye mfereji wa ulimi huo, kwa hiyo hata ukifaulu kuuzungusha haufiki chini, na maji yanaendelea kupita. Kuna nyingine zenye kipande cha mpira kinachokandamizwa. Mpira ule hukauka na kunata mahali pake kama gundi.

Zaidi ya hayo, chuma cha koki chenyewe huchoka. Koki nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki. Katika maji ya aina fulani zinki huyeyuka taratibu na kuacha shaba tupu yenye matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Ukiikwangua koki kuukuu kwa kisu na kuona rangi ya waridi badala ya manjano, jua kwamba hiyo si ya kulazimishwa. Itakatika kama biskuti.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na nitaanzia mbali na mashine, kwenye mita. Kabla ya kugusa koki iliyoganda, hakikisha unayo njia ya kukata maji ya nyumba nzima, na uijaribu kweli. Usiridhike kuiona tu. Fungua bomba la jikoni, kisha funga koki kuu iliyo baada ya mita, na ungoje. Bomba la jikoni likikauka, una ruhusa ya kuendelea. Likiendelea kutoa maji, kazi ya leo si koki ya mashine tena, bali ni koki kuu. Hapo ndipo nilipokosea.

Katika hili naomba nieleweke vizuri, kwa sababu maswali mengi yanayofika ofisini yanahusu mpaka huu. Mita na vyote vilivyo kabla ya mita, upande wa barabarani, ni mali ya mamlaka ya maji. Kuanzia pale bomba linapotoka kwenye mita kuingia nyumbani, ni wajibu wa mteja. Koki iliyo kabla ya mita usiiguse, hata kama jirani amekuahidi kwamba anajua kuifungua. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inakataza kuchezea na kuharibu miundombinu ya maji, na utetezi kwamba ulikuwa na shida ya koki yako hautakusaidia. Nenda ofisi ya mamlaka, eleza kwamba unabadilisha koki na kwamba koki yako kuu imeganda, uombe wakukatie maji kwa muda. Wakija, badilisha zote mbili siku hiyohiyo, koki kuu na ya mashine, ili usiwaombe mara ya pili.

Kwa wanaotumia tangi lililo juu ya mnara, njia ya kukata maji ni koki iliyo chini ya tangi, na hiyo pia ijaribiwe. Ikiwa nyumba inapokea maji ya tangi na ya mamlaka kwa pamoja, kata pande zote mbili. Yupo fundi aliyeniambia alifunga upande wa barabara kwa uangalifu mkubwa, akafungua koki, na lita zote za tangi zikamshukia kichwani.

Maji yakishakatika, chomoa mashine na uisogeze. Waya wa kurefushia umeme uinuliwe kutoka sakafuni; kama soketi iko karibu na koki, zima swichi kuu kabisa na ufanye kazi kwa mwanga wa mchana. Fungua bomba lililo chini kuliko yote ili maji yaliyobaki kwenye mabomba yatoke. Weka beseni chini ya koki, kwa kuwa hata baada ya hayo maji kidogo yenye rangi ya chai yatatoka.

Sehemu ya kuifungua koki ndiyo inayotaka subira kuliko zote, na ndiyo ninayotaka mnisikilize zaidi. Usianze na nguvu. Pulizia au paka mafuta ya kulegezea kutu mahali koki inapokutana na bomba, uyaache yaingie. Mafundi wengine huyaacha kwa saa chache, wengine huyapaka jioni na kurudi asubuhi. Kisha chukua spana mbili. Narudia: spana mbili. Ya kwanza hushika bomba, au ule ukingo wa chuma unaotokeza ukutani, na kazi yake ni kukataa lisizunguke. Ya pili ndiyo inayozungusha koki, kinyume cha mwendo wa mshale wa saa. Nguvu yote ibaki kati ya spana hizo mbili, isifike ukutani. Fundi mmoja mzee wa kata hii alinieleza kwamba huwapima vijana wanaokuja kuomba kibarua kwa kuwatazama wanachotoa mkobani; anayetoa spana moja humpa kazi ya kuchimba mtaro. Nanyi wananchi mnaweza kutumia kipimo hicho kwa fundi mnayemlipa.

Koki ikigoma, jaribu kuikaza kidogo mno, kiasi cha kuvunja ule utando wa kutu, ndipo uilegeze. Ongeza mafuta, ngoja tena. Usitie bomba refu kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, na usigonge kwa nyundo; plasta ya zamani na elbo iliyo ndani yake havistahimili mshtuko. Wapo wanaochoma kwa moto wa gesi ili chuma kitanuke. Njia hiyo ipo katika ufundi, lakini siipendekezi ndani ya nyumba yenye mbao, pazia na mabomba ya plastiki yaliyounganishwa baadaye, tena na mtu aliyetoka tu kupaka mafuta yanayoshika moto.

Kama baada ya subira yote hiyo unahisi bomba linayumba ukutani, simama. Huu ndio wakati wa kukubali kwamba plasta itapasuliwa na kipande cha bomba kilicholiwa kitabadilishwa hadi kwenye kiungo kilicho kizima. Ni gharama, lakini ni gharama unayoichagua mchana, maji yakiwa yamefungwa, badala ya kukuchagua yenyewe usiku wa manane. Kwa wapangaji, hapa ndipo pa kumshirikisha mwenye nyumba kabla ya nyundo ya kwanza, tena kwa maandishi mafupi yenye tarehe. Nimeona migogoro ya baraza la kata iliyoanzia kwenye ukuta uliovunjwa bila taarifa.

Koki ikitoka salama, usiitupe. Ichukue uende nayo dukani. Vipimo vya mabomba vina desturi zake: bomba linaloitwa la nusu inchi lina upana wa nje wa milimita 21 hivi, na la robo tatu inchi lina milimita 26 hivi, kwa hiyo ukienda na rula tu utarudi na kitu kisichoingia. Kwa kawaida koki ya mashine ya kufulia huwa na tredi ya nusu inchi upande wa ukutani na ya robo tatu upande wa mpira wa mashine. Nunua ile ya robo mzunguko, yenye tufe ndani, ambayo ukiupeleka mkono wake upande mmoja maji yanapita na ukiurudisha yanakatika. Aina hiyo haina ulimi wa kujaza mchanga, na kwa kuutazama tu mkono wake unajua iko wazi au imefungwa. Ipime mkononi: iliyo nzito kwa shaba inatofautiana sana na iliyopakwa rangi ya kung'aa juu ya plastiki. Bei zitatofautiana pia, na hilo nawaachia nyinyi na wenye maduka.

Kabla ya kufunga koki mpya, safisha tredi ya bomba kwa brashi ya waya mpaka uone meno yake. Kisha izungushie tepu nyeupe ya mafundi bomba, ukifuata mwendo wa mshale wa saa unapoitazama tredi kwa mbele, ili unapoikaza koki tepu ijikaze badala ya kujikunjua. Kwenye bomba la chuma la zamani lenye meno yaliyochakaa, mafundi wetu wengi bado wanaamini katani iliyopakwa rangi ya mafuta, nami nimeona katani ya miaka mingi ikiwa bado inashika. Sishangai, mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kwa ajili ya kamba na magunia, lakini wenyeji wa nchi hii wameupatia kazi nyingi ambazo hakuziwaza. Tepu au katani, chagua moja na uifanye vizuri. Kaza koki kwa spana mbili zilezile.

Sasa watu wengi hukosea hapa: huunganisha mpira wa mashine mara moja na kufungua maji. Usifanye hivyo. Kazi yako imetikisa kutu ya miaka mingi ndani ya bomba. Weka ndoo chini ya koki mpya, fungua koki kuu polepole, na uache maji yatoke ndooni mpaka yawe meupe. Maji yale ya kahawia yakiingia kwenye mashine yataziba kichujio kidogo kilicho nyuma yake, na vipande vya kutu vinaweza kukwamisha hata ile valvu ya ndani niliyoitaja mwanzo. Kichujio hicho pia kitoe, ukisafishe kwa mswaki mkuukuu, ukirudishe.

Mpira wa mashine hauhitaji tepu. Unaozuia maji pale ni mpira mdogo wa duara ulio ndani ya nati. Ukiwa umekauka au umepasuka nunua mwingine. Kaza kwa mkono, kisha ongeza robo mzunguko, si zaidi, kwa kuwa nati hizo ni za plastiki. Mwisho kausha kila kiungo kwa kitambaa, kisha zungushia karatasi laini kavu. Karatasi itaonyesha tone ambalo jicho halilioni. Na usiku, mkiwa mmefunga mabomba yote, soma mita kabla ya kulala na asubuhi kabla ya mtu yeyote kutumia maji. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Uvujaji wa lita moja tu kwa saa ni lita 720 kwa mwezi wa siku thelathini, nawe utazilipa.

Kuna mambo mawili zaidi niliyoulizwa kabla ya mkutano. Mzee mmoja aliuliza kwa nini mashine yake hujaa polepole hata baada ya kuweka koki mpya. Anatumia tangi, na tangi lake limesimama kwenye mnara wa mita tatu. Kila mita kumi za kimo hutoa msukumo wa bari moja hivi. Mita tatu ni bari 0.3. Tazama kitabu cha mashine yako. Ukikuta kinataka angalau 0.5, basi koki haina kosa. Unahitaji kuinua tangi, au pampu ndogo, au kutumia mashine wakati maji ya mamlaka yapo.

La pili linahusu mgao. Mtu hufungua koki ya mashine, maji hayatoki, anaondoka bila kuifunga. Maji yanarudi saa nane usiku yakiwa na hewa na msukumo wa ghafla, mpira mkuukuu unachomoka, na nyumba inaamka ikielea. Funga koki ya mashine kila unapomaliza kufua, maji yawepo au yasiwepo. Zaidi ya kukuepusha na mafuriko, mzunguko huo wa kila mara ndio unaozuia chokaa isijenge tena. Koki kuu, ambayo haina sababu ya kuguswa kila siku, ifungwe na kufunguliwa walau kila baada ya miezi mitatu.

Nyumbani kwa mama mdogo sasa kuna koki mbili mpya na kiraka cha saruji ambacho hakijapakwa rangi. Amekataa kipakwe. Anasema kibaki hivyo hivyo mpaka nimalize kumlipa zile uniti mbili.

Mafundi wa idara wamebaki pale nyuma karibu na mlango, na wamekuja na koki zilizokatwa ili mzione.